Kizibo cha jino hukaa miaka mingapi, na je, kikizeeka lazima kibadilishwe?

"Daktari, nina umri wa miaka 41. Miaka saba iliyopita niliziba magego matatu kwa mkupuo: mawili kwa dawa nyeupe, na moja la chini, nyuma kabisa, kwa ile ya rangi ya fedha. Nilijua nikishaziba nimemaliza. Mwezi uliopita nilikuwa natafuna, kipande cha kizibo kimoja cheupe kikameguka. Daktari wangu wa zamani amehama, nikaenda kwa mwingine. Huyu ameniambia vizibo vyote vitatu vimezeeka, vitolewe na viwekwe vipya, na kwamba kile cha fedha kina sumu. Hivyo viwili vingine haviniumi hata kidogo. Je, yule wa kwanza alifanya kazi mbovu? Kizibo kinatakiwa kukaa miaka mingapi? Na nikubali kubadilisha vyote?"

Pole kwa usumbufu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukubali. Jibu la haraka ni hili. Kizibo kilichomeguka kinahitaji kuangaliwa na kutengenezwa, tena mapema. Hivyo viwili vingine visiguswe mpaka mtu akuonyeshe, jino kwa jino, tatizo analoliona. Na katika maelezo yako sioni chochote kinachothibitisha kwamba daktari wa kwanza alikuharibia. Sasa nieleze sababu, maana ukizielewa utaweza kuzungumza na daktari yeyote bila wasiwasi.

Nianze na hilo la "nikishaziba nimemaliza". Wengi wanaamini hivyo kwa sababu hakuna aliyewaeleza vinginevyo. Kuziba jino ni kuondoa sehemu iliyokwisha kuoza na kufunika shimo lililobaki. Ugonjwa wenyewe uliolitoboa jino hautibiwi na kizibo. Meno hutoboka kwa sababu bakteria wanaoishi kwenye utando unaonata juu ya meno hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo ikishusha pH mdomoni (kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi) hadi kufikia kama 5.5, enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini yake. Mate huirekebisha hali hiyo taratibu, mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa moja, na sehemu ya madini hurudi. Mtu anayeonja kitu kitamu kila baada ya muda mfupi hayapi mate nafasi hiyo. Tabia hiyo ikiendelea baada ya kuzibwa, mahali pa kwanza kushambuliwa ni ule mstari ambapo kizibo na jino vinakutana.

Imani ya pili, na hii naisikia hata kwa wenzangu wa taaluma, ni kwamba kizibo kina tarehe ya kuisha kama dawa ya chupa. Hakina. Ukiuliza "kitakaa miaka mingapi" utatajiwa 7, 10 au 15. Namba hizo zina msingi, lakini ni wastani wa maelfu ya meno ya watu wenye vinywa tofauti kabisa. Kizibo kimoja huvunjika mwezi wa tatu na kingine, kilichowekwa wiki hiyo hiyo na mkono ule ule, kinafikisha miaka 30 na bado kinatafuna. Wastani unamfaa anayepanga huduma kwa watu wengi. Lakini wastani huo haujui kama wewe unasaga meno usiku, wala haujui shimo lako lilikuwa kubwa kiasi gani.

Njia bora ya kufikiria ni hii: kila mwaka unaopita, ni vizibo vingapi kati ya 100 vinaharibika? Kwa vizibo vyeupe vya magego, tafiti nyingi zinapata kimoja hadi vitatu. Uchambuzi mmoja mkubwa uliounganisha tafiti za aina hiyo, uliochapishwa mwaka 2014, ulipata wastani wa asilimia 1.8 kwa mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na asilimia 2.4 kwa mwaka ukihesabu miaka kumi. Ni namba ndogo, ila hujilimbikiza. Vikiharibika asilimia 2 kila mwaka, baada ya miaka kumi vitakuwa vimebaki kama 82 kati ya 100. Vikiharibika asilimia 4, vitabaki kama 66.

Sasa itumie hesabu hiyo kwako. Una vizibo vitatu, vina miaka saba. Hata kama kazi ilifanyika vizuri sana na kila kimoja kilikuwa na hatari ya asilimia 2 tu kwa mwaka, uwezekano kwamba angalau kimoja kingekuwa kimeharibika kufikia leo ni kama theluthi moja. Kwa hiyo kumeguka kwa kimoja si ushahidi wa kazi mbovu. Ni jambo ambalo mtu mmoja kati ya watatu wenye hali kama yako angelikuta, bila daktari yeyote kukosea.

Namba hizo zinatoka zaidi kwenye tafiti zilizopangwa vizuri, nyingi zikifanyika kwenye vyuo vikuu, ambako wagonjwa huchaguliwa na daktari anapewa muda wa kutosha kwa kila jino. Kliniki ya kawaida ni dunia nyingine. Kuna foleni, mgonjwa amechoka kuacha mdomo wazi, shimo limefika chini ya ufizi, damu inachuruzika. Uingereza walichambua kumbukumbu za malipo ya huduma ya umma ya meno ya England na Wales za miaka ya 1990, zenye vizibo karibu nusu milioni. Walikuta kwamba ndani ya miaka kumi, takribani nusu ya meno yaliyozibwa yalikuwa yamerudishwa kwenye kiti kufanyiwa kitu kingine, na vizibo vikubwa vilifanya vibaya kuliko vidogo. Angalia vizuri maneno hayo: "kufanyiwa kitu kingine". Kumbukumbu za malipo hazisemi kama kizibo kweli kilikuwa kimeharibika au kama kuna mtu aliyeamua tu kukibadilisha. Uchambuzi huo huo uliona jambo linalokuhusu moja kwa moja: mgonjwa anapohamia kwa daktari mpya, vizibo vyake hubadilishwa mapema zaidi kuliko vya yule anayebaki na daktari wake.

Hilo halimaanishi kwamba daktari mpya ana tamaa. Daktari aliyekiweka kizibo anajua shimo lilikuwa na kina gani na ule mstari wa kahawia pembeni ulikuwepo tangu lini. Mgeni hana historia hiyo. Anaona rangi iliyofifia, ukingo uliochakaa, na anahofia kulaumiwa baadaye kwamba aliona akanyamaza. Madaktari wawili waaminifu wanaweza kutazama jino moja wakatoa maamuzi mawili tofauti. Ndiyo maana unachohitaji kwake ni kuonyeshwa anachokiona. Uzoefu wake wa miaka mingi hauwezi kuchukua nafasi ya hilo.

Tuingie kwenye jinsi vizibo vinavyoshika, kwa sababu hapo ndipo utaelewa vinavyoachia.

Kizibo cheupe ni kompoziti, mchanganyiko wa utomvu wa plastiki na chembechembe ndogo sana za kioo. Peke yake haugandi kwenye jino. Mwaka 1955 Michael Buonocore, huko Marekani, alionyesha kwamba asidi ya fosforiki ikipakwa kwenye enameli inaacha uso wenye vinyweleo vidogo ambavyo utomvu unaweza kuingia na kushika. Miaka michache baadaye Rafael Bowen akatengeneza utomvu ambao hadi leo uko ndani ya vizibo vingi vyeupe. Ukikaa kwenye kiti, mambo huenda hivi: jino linatengwa na mate, linapakwa jeli ya asidi kwa sekunde 15 hivi, linaoshwa, linakaushwa kiasi, linapakwa gundi, gundi inapigwa taa ya buluu, kisha dawa inawekwa kidogo kidogo, tabaka za kama milimita mbili, kila tabaka ikipigwa taa. Katika dakika hizo, tone moja la mate au damu likipita juu ya uso uliotayarishwa, gundi haitashika pale. Wewe hutajua, na daktari naye anaweza asilione. Litajulikana baada ya miaka mitatu.

Kuna jambo lingine. Kompoziti inapokuwa ngumu inasinyaa, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Inaposinyaa inavuta kuta za jino, na panapokuwa na mshiko dhaifu panaachia ufa mwembamba sana. Mshiko dhaifu zaidi uko chini, kati ya jino na jino, karibu na ufizi, ambako enameli ni nyembamba au haipo kabisa na gundi inabaki kushika dentini, ile tabaka laini na yenye unyevu iliyo ndani. Kwa bahati mbaya hapo ndipo brashi ya meno haifiki. Kwa hiyo kizibo cheupe cha kati ya meno kinapoharibika kwa kuoza upya, mara nyingi huanzia pale chini, kimya kimya, huku juu kikionekana kizuri.

Kile cha fedha ni amalgamu, zebaki iliyochanganywa na unga wa fedha, bati na shaba. Zebaki ni karibu nusu ya uzito wake. Hakigandi kwenye jino kabisa; hukaa kwa sababu shimo limechongwa liwe pana chini kuliko juu. Uchongaji huo unakula jino zima zaidi. Faida yake ni kwamba hakijali sana unyevu wakati wa kuwekwa, na kadiri miaka inavyopita mabaki ya kutu yake huziba ule upenyo kati yake na jino. Ubaya wake mkubwa ni kwa jino lenyewe: kizibo kikubwa cha fedha hakizifungi kuta za jino pamoja, na kila unapotafuna kinazisukuma nje kama kabari kwenye gogo. Ndiyo maana mara nyingi kizibo cha fedha kinabaki salama na kinachovunjika ni ukuta wa jino ulio jirani yake.

Ipi inadumu zaidi? Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikuta kompoziti kwenye magego ikiharibika karibu mara mbili ya amalgamu, hasa kwa kuoza upya pembeni. Lakini ushahidi wake mkuu ulitoka kwa watoto, ambao meno yao hutoboka kwa kasi. Kliniki moja ya kawaida nchini Uholanzi ilifuatilia vizibo vikubwa vya watu wazima kwa miaka 12 na matokeo yakageuka: kwa wenye hatari ndogo ya meno kutoboka, vyeupe vilidumu vizuri kuliko vya fedha, kwa wenye hatari kubwa, vya fedha vilivyochukua nyuso (pande) tatu za jino vilishinda. Mimi nayasoma matokeo hayo mawili kama kitu kimoja. Mdomo unaotoboka haraka unakiadhibu cheupe. Mdomo uliotulia unakipa muda mrefu, na kwa kuwa kinashikamana na jino, kinalinda kuta.

Ipo pia glasi ayonoma, ile dawa nyeupe isiyong'aa, inayoshikamana na jino yenyewe na kutoa floraidi. Inafaa kwenye mashimo madogo, ya shingoni mwa jino na ya meno ya utotoni, lakini kwenye gego la mtu mzima, likiwa na shimo la kati ya meno, inachakaa na kuvunjika mapema. Kama daktari ameitumia pale kwa muda, ni sawa. Ujue tu kwamba ni ya muda.

Ukiniuliza nichague mambo yanayoamua umri wa kizibo, aina ya dawa siiweki ya kwanza. Naweka ukubwa wa shimo. Ule uchambuzi wa 2014 ulikuta kwamba kila uso wa ziada wa jino unaoingizwa kwenye kizibo unaongeza hatari ya kuharibika kwa asilimia 30 hadi 40. Kizibo kidogo cha juu ya gego na kingine kilichochukua juu, mbele na nyuma yake ni vitu viwili visivyolingana, hata kama vyote unaviita "nimeziba". Kinachofuata ni kasi ya kutoboka kwa mdomo wako: mtu aliyepata mashimo mapya ndani ya miaka miwili iliyopita yuko kwenye hatari ya juu, na aliyekaa miaka kumi bila shimo yuko kwenye ya chini. Halafu kuna kusaga meno usingizini, ambako huvunja vizibo na meno bila hata chembe ya sukari. Na jino lililosafishwa mizizi ni habari ya peke yake. Gego la namna hiyo likiachwa na kizibo tu, bila kuvalishwa kofia (ganda gumu linalofunika jino lote) au kufunikwa kuta zake, lina hatari kubwa ya kupasuka.

Na mkono wa daktari? Unachangia, tena sana, hasa kwenye kulitenga jino na mate na kutoharakisha. Lakini ni vigumu kuuhukumu baada ya miaka saba. Kazi mbovu kweli kwa kawaida hujitokeza mapema: kizibo kinachotoka kizima ndani ya miezi, chakula kinachonasa kati ya meno tangu siku ya kwanza, ukingo unaotokeza na kukata uzi wa meno kila ukiupitisha, maumivu ya kung'ata yasiyoisha. Kilichofika miaka saba bila hayo kilifanya kazi yake.

Sasa turudi kwa hivyo viwili visivyouma. Kutouma kunatia moyo, ila hakutoshi. Kuoza chini ya kizibo kunaweza kwenda mbali kabla ya kuuma, kwa hiyo usitumie kimya cha jino kama kibali cha kutorudi kwa daktari. Mimi nikikagua kizibo cha zamani naanza kwa kulisafisha jino na kulikausha kwa hewa, maana jino lililolowa linaficha mengi. Naangalia ukingo wote chini ya taa, polepole. Mstari wa kahawia peke yake ni doa: rangi imeingia kwenye ukingo, haimaanishi kuoza. Mfereji mwembamba pembeni mwa kizibo cha fedha, ambamo ncha ya kifaa inakwama kidogo, nao peke yake si sababu ya kukitoa. Ninachotafuta ni ulaini, yaani dentini inayobonyea pale kwenye ukingo. Shimo ninaloliona kwa macho. Kivuli cha kijivu kinachojitokeza chini ya enameli iliyo kando ya kizibo cheupe. Ufa kwenye ukuta wa jino. Au kizibo kinachocheza. Kisha eksirei ndogo ya kung'ata, inayoonyesha magego ya juu na ya chini pamoja, hutazamwa kwenye ile sehemu ya chini karibu na ufizi ambayo jicho halifiki. Kivuli cheusi pale, chini ya kizibo, ni jambo la kushughulikiwa. Hata hivyo gundi nyingine huacha mstari mweusi mwembamba kwenye picha, ndiyo maana picha ya zamani ya kulinganisha ina thamani kubwa. Kama unaweza kupata faili lako au eksirei za miaka saba iliyopita kutoka kliniki ya kwanza, ziombe.

Kwa nini nasisitiza visiguswe ovyo? Kwa sababu kila kizibo kinapotolewa, sehemu ya jino zima huondoka nacho. Kompoziti ina rangi ya jino. Hata daktari makini, akiichonga, hawezi kufuata mpaka wake bila kula kidogo upande wa pili. Shimo jipya linakuwa kubwa kuliko la kwanza. Tumekwisha kuona kwamba kizibo kikubwa hudumu muda mfupi zaidi, kwa hiyo cha pili kitaharibika mapema kuliko cha kwanza, na cha tatu mapema kuliko cha pili. Baada ya mizunguko michache kiini cha jino kinafikiwa, unasafishwa mizizi, unavalishwa kofia, na mwisho unang'olewa. Safari hiyo naiona kila wiki, na mara nyingi hatua yake ya kwanza ilikuwa kutoa kizibo ambacho hakikuwa na kosa. Hilo linaniuma, kwa sababu lilikuwa linaepukika.

Kati ya kuacha na kubadilisha kizima kuna njia ya tatu ambayo huenda hukuambiwa: kukarabati. Kama tatizo liko kwenye kona moja, daktari anaondoa kona hiyo tu, anauparuza uso wa kizibo kilichobaki, anapaka gundi na kuongeza dawa mpya. Ni haraka, pengine bila ganzi, na jino linabaki na mwili wake. Ukingo wenye doa au ukwaruzo unaweza kulainishwa na kung'arishwa tu. Si kila hali inakubali ukarabati. Kuoza kukishaingia chini ya kizibo chote, hakuna namna ila kukitoa. Lakini liulize swali hilo kwa kila kizibo, kuanzia na hicho kilichomeguka. Kama kilichotoka ni kipande cha kizibo na si cha jino, na chini yake ni pagumu na safi, kukarabati kunaweza kukutosha kwa miaka. Kama kilichotoka ni sehemu ya ukuta wa jino, au kizibo kimechukua zaidi ya nusu ya upana wa gego, hapo daktari akikushauri kuzifunika kuta zilizobaki au kuvaa kofia, msikilize. Anajaribu kuzuia ufa usishuke kwenye mzizi.

Kuhusu sumu ya kile cha fedha. Zebaki iliyoshikana ndani ya amalgamu hutoa mvuke kidogo sana, hasa unapotafuna au kusaga meno, na kwa watu wengi kiasi hicho hakijaonyeshwa kuleta madhara ya kiafya. Ni kweli kwamba dunia inaiacha amalgamu. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, ulizitaka nchi zipunguze matumizi yake, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuiweka kuanzia Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona ni lazima. Sababu kubwa ni uchafuzi wa mazingira. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri isiwekwe upya, inapowezekana, kwa baadhi ya watu: wajawazito na wanaopanga kushika mimba, wanaonyonyesha, watoto, wenye ugonjwa wa figo au wa mishipa ya fahamu, na wenye mzio wa zebaki. Mamlaka hiyo hiyo ilisema kizibo cha fedha kilicho kizima kisitolewe isipokuwa kuna sababu ya kitabibu. Wakati wa kukichimba ndipo mvuke mwingi zaidi hutoka. Kwa hiyo kutoa kizibo kizima kwa hofu ya zebaki ni kujiletea kile unachokikimbia, na kupoteza jino juu yake.

Ningekuwa kwenye nafasi yako ningerudi kwa huyo daktari, au kwa mwingine, na kuzungumza hivi: "Hiki kilichomeguka naomba tukitengeneze. Hivi viwili naomba unionyeshe kwenye kioo na kwenye picha, ni nini hasa umekiona. Kuna kuoza, kuna ufa, au kimechakaa tu? Kinaweza kukarabatiwa? Tukikiacha na kukiangalia tena baada ya miezi sita, hatari ni ipi?" Daktari mwenye sababu atafurahi kukueleza. Akisema tu "ni vya zamani", una haki ya kupata maoni ya pili, na hiyo si dharau kwake.

Nyumbani, kinachoongeza umri wa vizibo ni kile kile kinacholinda meno yasiyozibwa. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na wa usiku usiukose. Soma kwenye tyubu. Kwa mtu mzima mwenye vizibo tafuta yenye karibu ppm 1,450 (ppm ni kipimo cha kiasi cha floraidi). Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki. Kati ya meno pitisha uzi au brashi ndogo kila siku, hasa pale penye kizibo cha kati. Vitu vitamu, pamoja na vinywaji, vitumie wakati wa chakula badala ya kuvisambaza kutwa nzima. Ukiamka taya zimechoka, au mtu unayelala naye amekusikia ukisaga meno, mwambie daktari. Kifaa cha kuvaa usiku kinaweza kuokoa vizibo vingi. Mdomo ukikauka mara kwa mara, hasa baada ya kuanza dawa fulani ya hospitali, hilo nalo litaje, kwa sababu bila mate vizibo havidumu.

Hilo gego lililomeguka lisikae zaidi ya wiki chache, hata lisipouma. Shimo lililo wazi hukusanya utando na kuta zilizobaki hazina mhimili. Kwa sasa tafunia upande wa pili. Baada ya kutengenezwa, ubaridi unaweza kulisisimua kwa siku kadhaa, hata wiki mbili tatu, kisha hupungua. Ukihisi kizibo kinagusa kabla ya meno mengine unapofunga mdomo, rudi siku hiyo au kesho yake kipunguzwe, usingoje ukizoee.

Nenda mapema zaidi jino likianza kuuma lenyewe bila kuguswa, likikuamsha usiku, maumivu ya moto au baridi yakibaki kwa dakika badala ya sekunde, au ukipata mchomo mkali kila unapong'ata sehemu moja, kwani huo huweza kuwa ufa. Kipele kinachotoa usaha kwenye ufizi hakiishi kwa dawa za maumivu. Na ukivimba uso au chini ya taya, ukapata homa, mdomo ukakataa kufunguka, au ukashindwa kumeza au kupumua vizuri, usisubiri miadi ya daktari wa meno. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.